Kuosha Ukuta wa Nyuma

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa mweusi kuanzia msingi mpaka chini ya mabati. Ulikuwa weusi wa moshi uliochanganyika na kuvu, na kwa bahati mbaya ndio ukuta uliotazama bonde. Mtu akitoka sokoni, akavuka kijito na kuanza kupanda upande wetu, aliuona huo kabla ya kuona nyumba nyingine yoyote. Siku moja mama alikuwa anatembea nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wanaelekezana njia, akasikia mmoja anasema, "Ukifika pale kwa ile nyumba ya moshi, unakata kuume." Mama alifika nyumbani, akatua kikapu, hakutoa hata nyanya ndani. Alisema wanawake wa maombi wataanza kuja kwetu baada ya miezi michache, na hatawapokea katika nyumba ya moshi.

Tulikuwa tumerudi Bunia muda si mrefu. Vita ilikuwa imekwisha, au ndivyo redio ilivyosema. Ilikuwa inakwisha upande mmoja, halafu tunasikia watu wa Djugu wanalala tena porini. Nilikimbia nikiwa msichana anayeanza sekondari, nikarudi nikiwa mwanamke mwenye cherehani yake. Baba hakurudi. Tulimzika ng'ambo ya ziwa, Uganda. Nyumba tuliikuta tupu, milango imeng'olewa, matiti, yale majani marefu ya porini, yamefika madirishani. Tuliambiwa kwanza walikaa watu wenye silaha, kisha watu wengine, kisha hakukaa mtu. Nikiuliza ni watu gani hao wengine, majirani walikuwa wapya kama mimi, au walijifanya wapya.

Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu mkubwa ambaye namwita yaya, na mimi. Yaya alikuwa analima kabichi bondeni. Kabla hatujaanza hata kuosha, tulianza kugombana juu ya rangi. Mama alisema chini ya ule moshi ukuta ni mweupe, maana baba aliupaka chokaa. Yaya alisema ni bluu, na alikumbuka mpaka bluu yenyewe, ile ya milango ya shule. Mimi nilikumbuka njano. Nilikumbuka nimekaa na mgongo wangu kwenye ukuta wa njano, jua likiwa juu yake. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja alimwangalia mwenzake kama mgonjwa.

"Nyumba moja, watoto wangu wawili, na hakuna mwenye anajua," mama alisema.

"Na weye mama, unajua?" yaya aliuliza.

"Mi nililala ndani yake miaka yote. Nitakosa kujua?"

Yaya alileta rafiki yake anayeosha motokari kando ya mto Nyamukau. Alikuja na mashine yake ya kusukuma maji, ile yenye injini, wakaibeba kupanda kilima. Injini ilipolia, milango ya majirani ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Wakati ule sauti yoyote ya ghafla ilikuwa na maana mbili. Yule mtu alielekeza mdomo wa mashine ukutani, maji yakapiga, na krepi, ile lipu ya saruji, ikaanguka. Kipande kikubwa kama sinia kilidondoka chini kizima, tukaona matofali yako uchi.

Mama alipiga kelele. "Zima! Zima! Ile krepi alipiga baba yao na mukono yake!"

Mashine ilizimwa. Yaya aliokota kipande, akakigeuza huku na huku. Kwa mbele kilikuwa cheusi, na alipokwaruza kwa kucha kikatoa kitu cha kijani. Tukadhani ni kuvu tu. Ndani kilikuwa saruji ya kijivu. Hapakuwa na nyeupe, wala bluu, wala njano.

"Rangi ya zamani iko wapi?" aliniuliza.

Nilidhani maji yameichukua. Mama yeye hakuwa anasikiliza mambo ya rangi. Alikuwa ameweka sheria: ukuta utaoshwa polepole, kwa maji yasiyo na nguvu, kama mtu anavyoosha mtoto mchanga. Asiyeweza hivyo auache.

Ni rahisi kusema. Nyuma ya nyumba ardhi inaanguka moja kwa moja kuelekea bonde. Mvua za miaka ile yote ziliula udongo, hata ngazi haikuwa na pa kuweka mguu. Na kama ingesimama, ingeegemea wapi? Krepi ile ile. Chini ya mabati, pale ukuta unapochongoka kama pembe tatu, hapakufikika kwa mkono wala kwa ufagio.

Jaribio la kwanza lilikuwa langu. Mti wetu wa avoka, ule wa maparachichi, uko pembeni mwa nyumba. Nilimwomba yaya apande na bidoni, dumu la maji, aifunge kwenye tawi, tuingize ndani yake tiyo, mpira wa maji wa plastiki, na mdomo wa tiyo tuufunge kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Kwa mdomo niliweka kichwa cha kopo la kumwagilia bustani, kile chenye matundu madogo. Yaya alifyonza tiyo mpaka maji yakamjaa kinywani, kisha nikaanza. Kwa chini ilikuwa raha tupu. Maji yalitoka laini kama manyunyu. Nikainua mwanzi kidogo, yakapungua. Nikainua tena, yakakata kabisa. Nikashusha, yakarudi.

"Umekanyaga tiyo?" yaya aliuliza toka juu.

"Sijakanyaga!"

Niliinua na kushusha, naangalia kama tiyo imekunjika, naipuliza, naitikisa. Nilikasirika kama mtu anayechezewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba maji hayawezi kupanda juu kuliko bidoni yao, na bidoni yetu ilikuwa chini kuliko ile sehemu tuliyoitaka. Tawi la juu zaidi lilikuwa jembamba. Yaya alilijaribu kwa mguu, akashuka.

Kisha yeye akaleta pompi yake ya mgongoni, ile ya kupulizia kabichi dawa. Tuliiosha kwa sabuni tena na tena, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Ile ina nguvu ya kiasi tu, unapampu kwa mkono wa kushoto na manyunyu yanatoka kwa upana. Shida ilikuwa fimbo yake, fupi kama mkono wa mtu. Tulikata mwanzi, tukatoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto, tukautia kati ya fimbo na mdomo ili maji yapite humo ndani. Pale palipounganishwa tulifunga vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Yaya alipampu. Maji yalitoka kila mahali isipokuwa mahali pake: kwenye kiungo cha kwanza, cha pili, kwenye nyufa za mwanzi. Mimi niliyeshika mwanzi nililowa kichwa chote, na kule juu yalitoka mate tu.

Mama alikuwa ametoka kuangalia. Hakucheka. Alisema, "Sasa munaosha nani?"

Ni kazi yangu ya kushona iliyotusaidia, nadhani. Nguo inachanika kwenye mshono, kwa hiyo ukitaka isichanike unapunguza mishono. Niliwaza vivyo hivyo juu ya maji. Tukatupa ule mwanzi uliotobolewa. Tukanunua tiyo moja ndefu isiyokatwa, tukaitoa kwenye pompi mpaka mdomoni bila kiungo njiani, na tukaifunga nje ya mwanzi mzima kwa vitambaa, kama unavyofunga mkono uliovunjika. Mmoja apampu akiwa amesimama kwenye kona salama, mwingine ashike mwanzi akiwa mtelemkoni, miguu imechimbiwa vishimo. Mdomo tuliupinda kidogo kwa waya ili utazame ukuta badala ya mbingu. Kando yake nilifunga kifurushi cha sponji cha kusugua polepole.

Yaya alipampu. Nikasikia tiyo inakuwa ngumu kiganjani mwangu kama mshipa, na kule juu, chini kabisa ya mabati, manyunyu yakafunguka. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Tulijifunza mengine kwa kukosea. Tulitia kwanza maji ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yaliyopunguzwa makali, kwa ajili ya kuvu, na sabuni baadaye kwa ajili ya moshi. Tukianza juu, maji machafu yalishuka na kuacha michirizi isiyotoka. Tukaanza kupaka dawa chini tukipanda, na kusuuza juu tukishuka. Kwa nini iwe hivyo sikujua, lakini ilikuwa hivyo.

Siku ya pili ya kazi hiyo ndipo gari nyeupe ya wanajeshi wa amani iliposimama kule chini kwenye njia. Ukitutazama toka pale, sasa naelewa walichoona: mwanaume mwenye tangi mgongoni, na mwanamke anayeelekeza kitu kirefu chenye tiyo kwenye nyumba. Walishuka watatu na mkalimani wao. Wawili walibaki nyuma ya gari.

"Weka chini!" mkalimani alipaza sauti. "Banauliza ile iko nini!"

Niliweka chini. Yaya alibaki na mkono wake kwenye pampu, hajui kama auondoe au auache. "Iko pompi ya kabichi!" alijibu.

Mkalimani aliwaambia kitu kirefu sana kuliko maneno ya yaya. Walijadiliana. Mmoja akauliza swali, mkalimani akatugeukia. "Banauliza kabichi iko wapi."

"Kabichi iko bondeni. Hapa tunaosha nyumba."

"Na pompi ya kabichi?"

"Ndiyo."

Aliwatafsiria tena. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alitupiga picha, wakarudi garini, wakaondoka. Tulikaa pale bila kujua kama tumeruhusiwa kuendelea au tumeandikwa mahali. Mama alitoka, akasema tuingie ndani tunywe chai kwanza. Tulikunywa. Hakuna aliyerudi. Tukaendelea.

Na ukuta ukatoka kijani.

Mwanzo tulisema ni kuvu bado. Tukaongeza javeli, tukasugua, tukasuuza, na kijani kikazidi kung'aa. Kilikuwa kijani cha majani machanga ya maharage, rangi ambayo hakuna mtu wa kwetu angeichagua. Mama alisimama mtelemkoni, mkono kwenye nguzo ya ua, akaangalia. Kisha tulipofikia ile pembe tatu ya juu, yakatokea maua. Mstari mzima wa maua mekundu madogo chini ya mabati, yote ya namna moja, kila moja na majani matano yaliyonona, yamepigwa kama muhuri. Mengine yalikuwa yamepinda, mengine rangi yake imekuwa hafifu, kama aliyeyapiga alikuwa anaishiwa.

Niliacha kushika mwanzi vizuri, ukanigonga begani.

"Mama," yaya alisema, "baba alipaka maua?"

"Baba yako? Maua?"

Aliingia ndani. Nilimfuata. Nilimkuta anapita chumba hadi chumba, anagusa fremu za madirisha, anahesabu hatua toka jikoni mpaka mahali kilipokuwa kitanda chake. Alikuwa anasema peke yake. "Hapa kulikuwa dirisha. Ndiyo. Hapa mulango." Aliponiona akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Tuliingia kwa nyumba yetu kweli?"

Ningecheka kama si uso wake. Nilimwambia mama, parsele, kiwanja chetu, ni hii, avoka ni ile, makaratasi tunayo. Alisema mti wa avoka hauna uso, uko kila mahali. Nami, kusema kweli, nilianza kupoteza ile njano yangu. Nilipofumba macho kuutafuta ule ukuta wenye jua, niliukuta kijani.

Mwanamke alikuja kesho yake, kazi ikiwa haijaisha. Alipanda toka upande wa soko na beseni la samaki wakavu kichwani, akasimama mtelemkoni chini yetu, akaangalia juu. Alikuwa wa umri kati yangu na mama. Hakusalimu. Alisema tu, "Ah! Iko bado!"

"Nini iko bado?" nilimuuliza.

Akashusha beseni. "Maua yangu."

Yaya aliacha kupampu. Mimi nilimwita mama, sikujua jambo lingine la kufanya.

Mama alitoka na akasimama kwenye kona, juu ya yule mwanamke. Wakasalimiana kama inavyotakiwa, habari za asubuhi, habari za watoto. Ndipo mama akauliza, "Unasema maua iko yako?"

"Iko yangu, mama. Nilipiga na kirasi, ile kiazi ya mviringo, nilikata nusu nikachonga. Siye tulikaa hapa. Tulitoka upande wa Butembo, bwana yangu alikuwa mufanyabiashara. Balituambia benyewe nyumba bote balikufa."

"Nani alisema tulikufa?"

"Mutu mwenye alikuwa na funguo."

"Mutu gani?"

"Alisema iko ndugu yenu." Alitutazama mmoja mmoja, nikaona naye anachanganyikiwa, anatafuta katika nyuso zetu ule undugu. "Hamuna ndugu mufupi, mwenye kidonda hapa?" Akagusa shavu.

Hatukuwa naye. Hatujawahi kumjua mtu huyo mpaka leo.

Mama alimsogelea hatua moja. Nilidhani atamfukuza. "Mulikaa kwetu," alisema. "Sawa. Vita ilikuwa vita. Lakini munapaka rangi juu ya kazi ya bwana yangu? Ile krepi alipiga yeye, na mukono yake."

Mwanamke aliangalia ukuta, kisha akaangalia chini. "Hapana, mama. Ile ya nyuma iko ya bwana yangu."

"Hapana!"

"Tulikuta tundu. Bomu ilipita pale, mutu angeweza kupita na kiti yake. Bwana yangu alijenga tena, akapiga krepi mupya. Ya kwenu iko pale mbele, hatukugusa pale mbele. Ile iko na muchanga muzuri. Ya kwetu tulikosa muchanga muzuri, njia zilikuwa zimefungwa. Ndiyo maana inaanguka."

Nilisikia tu maji yanadondoka toka mdomo wa pompi kule juu. Nilifikiri juu ya ule mwanzi, vitambaa vyote, mabega yetu yaliyovimba, jinsi tulivyoubembeleza ukuta ule siku zile zote kwa ajili ya mkono wa baba. Sikujua kama nilikuwa nimedanganywa, wala na nani.

Mama alizunguka nyumba kwenda mbele. Nilimwona anaweka kiganja kwenye ukuta wa mbele, karibu na mlango, na kubaki hivyo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bwana yako iko wapi?"

"Alienda Kpandroma kununua kirasi. Hakurudi."

"Mulimuzika?"

"Tungezika nini, mama?"

Sisi angalau tulikuwa na kaburi, hata kama liko ng'ambo ya ziwa. Mama akamwambia yaya ambebee mwanamke beseni lake juu, mbwa wasije wakala samaki. Kisha akamwonyesha mwanamke ule mwanzi uliokuwa mkononi mwangu. "Utaweza kushika hii?"

"Nitajaribu."

Nilimwachia vile vishimo vyangu vya miguu. Nilimwonyesha jinsi ya kuuegemeza mwanzi kwenye paja na kuacha ncha ielee bila kugusa ukuta. Alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko yangu. Yaya alipampu, manyunyu yakafunguka, naye akayapitisha juu ya mstari wa maua polepole, toka kushoto kwenda kulia. Alipofika pale yalipokuwa hafifu alisema, bila kumwambia mtu, "Hapa rangi ilikwisha. Bwana yangu alinichekelea." Alikuwa analia, lakini uso wote ulikuwa umelowa maji ya ukuta, na mtu angeweza kukosea.

Alianza kupita kwetu siku za soko. Wanawake wa maombi walipokuja mara ya kwanza, alikuwa amekaa jikoni na mama wanachambua samaki. Mmoja wao aliuliza huyu ni nani. Mama alifungua mdomo, akanigeukia kama mimi ndiye niliye na jibu. Nikasema ni mgeni. Mwanamke akanisahihisha kwa upole, akasema yeye alikuwa anakaa hapa. Wakaangaliana, kisha wakasogea kwenye mkeka, akakaa.

Usiku mama aliniuliza tumwiteje. Ndugu si ndugu, mpangaji si mpangaji, na adui hakuwa. Nilisema sijui. Mama alisema naye hajui, na akazima taa.

Yaya alinunua rangi nyeupe mwaka uliofuata, akapaka mbele na pembeni. Nyuma hakupaka. Hakuambiwa asipake, na nilipomuuliza kwa nini, alisema rangi ilikwisha, lakini niliona kopo bado lina rangi. Pale palipoanguka kipande kikubwa kama sinia tuliziba kwa saruji, na yule mwanamke alikuja na mchanga wa mtoni, mzuri, mweupe, ameuchekecha mwenyewe. Kuvu hurudi kila baada ya mvua. Tunaufunga tena mwanzi, tunaosha polepole. Watu siku hizi husema, ukifika kwa ile nyumba ya maua unakata kuume. Mimi nikisikia hivyo hugeuka kutazama, kama kwamba wanasema nyumba ya mtu mwingine.